Kupunguza Wanga Bila Kulivunja Sinia

  

Wiki mbili zilizopita, baada ya darsa ya akina mama, alibaki nyuma dada mmoja aliyekuwa na suali. Ana umri wa miaka 34, ni mama wa watoto watatu, na anaishi nyumba moja na wakwe zake. Alikuwa amepimwa sukari asubuhi kabla ya kula kitu, ikaonekana imefika 7.8. Akarudiwa kupimwa siku nyingine, ikawa 7.6. Kipimo cha namna hiyo kikifika 7 au kupita, tena mara mbili, ndipo daktari husema kwamba maradhi ya sukari yameingia. Akaambiwa apunguze uzani, na apunguze vyakula vya wanga: wali, chapati, mahamri, soda na sukari ya chai.

Dada akarudi nyumbani na nia yake, na siku ile ile akakutana na mtihani asioutarajia. Mavyaa wake alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Yeye akachukua samaki na mchicha, wali akauacha. Mavyaa hakusema neno mpaka vyombo vikaondolewa. Jioni akamwambia mwanawe, "Mkeo siku hizi chakula changu hakimfai." Naye mume, kwa kutafuta amani, akamwambia mkewe, "Kula kidogo tu, umridhishe mama." Na hicho kidogo, kama tunavyokijua katika majumba yetu, ni sahani iliyofanya kilima.

"Sheikh," akatuuliza, "nikiukataa namvunjia mavyaa heshima, na nikiula najidhuru nafsi yangu. Dhambi nitaipata kwa lipi?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atupe muda, kwani suali hilo si geni kwetu. Sisi wenyewe tumelipitia, tena kwa njia ya kuanguka mbele ya watoto wa madrasa, na habari hiyo tutaisimulia hapa chini kwa aibu zake zote.

Kwanza tulitengeze neno. Katika lugha yetu wanga ni wale watu wa usiku, Mungu atuhifadhi nao, wanaozunguka majumba ya watu hali wamelala. Na wanga vile vile ni ile sehemu ya chakula iliyo ndani ya wali, ugali, mkate, chapati, mahamri, tambi, muhogo, viazi na ndizi mbichi. Sisi leo twazungumzia huu wa pili, ingawa nao huja kimya kimya, na athari yake mtu huiona asubuhi, baada ya miaka.

Wanga ukishaingia tumboni huvunjwavunjwa ukawa sukari, na sukari ikaingia katika damu. Hapo kongosho, kiungo kidogo kilicho nyuma ya tumbo, hutoa maji maji yaitwayo insulini. Kazi ya insulini ni kama ya bawabu: huifungulia sukari milango ya mwili ili iingie ikatumike. Sasa mtu anapozidi unene, haswa unene wa kitambi, milango ile huwa mizito. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi kwa kazi ile ile, na miaka ikipita nayo huchoka. Sukari hubaki ikizunguka katika damu bila pa kwenda, ikaharibu macho, figo, neva za miguu na mishipa ya moyo. Ndiyo sababu mtu anayeupunguza wanga huiona sukari yake ikishuka hata kabla ya uzani kupungua.

Na tupige hesabu kidogo. Kikombe kimoja cha chai kilichojaa wali uliopikwa kina kama gramu 45 za wanga. Kijiko kidogo cha sukari ni gramu 4. Kwa hivyo kikombe hicho kimoja, kikishafika katika damu, ni sawa na vijiko 11 hivi vya sukari. Sahani ya mchana ya mtu mzima wa kwetu haipungui vikombe 3. Hapo bado hatujahesabu mahamri 4 ya asubuhi, chai yenye vijiko 3, na chapati za usiku. Hatusemi wali ni sumu, hasha. Ni riziki ya Mwenyezi Mungu na tumelelewa nao. Lakini wazee waliotutangulia walikuwa wakitembea kwa miguu, wakivuta makasia, wakilima mashamba na kupanda minazi, ilhali sisi twapanda tuktuk kutoka nyumbani hadi msikitini, kisha twala kama mabaharia.

Sasa habari yetu. Miaka mitatu iliyopita tulikuwa na kilo 97, na si urefu wa mnazi tuliopewa. Kazi ya sheikh, ndugu msomaji, ina hatari ambayo hakuna aliyetuonya tulipokuwa chuoni. Alhamisi kuna hitima, Ijumaa kuna nikaha, Jumamosi maulidi, Jumapili walima. Kila mahali kuna sinia, na sheikh huitwa kwenye sinia lenye nyama nyingi na wali uliokolea samli. Akila kidogo, mwenye shughuli hufikiri pilau haikuiva. Tulipopimwa, sukari ilikuwa 11.3. Tukapewa vidonge vya aina mbili, metfomini na glibenklamaidi, na maelezo marefu kuhusu chakula. Vidonge tulivichukua, maelezo tukayaacha pale pale mezani pa daktari. Mwaka mzima tulikula kama kawaida yetu, na vidonge vikawa vinaongezwa.

Kisha mpwa wetu mmoja, kijana msomi, akaja na habari za ulaji wa wanga kidogo, ambao vijana wenziwe huuita keto ukikazwa sana. Akatueleza vizuri, tukaridhika. Na kama ilivyo kwa kila mwenye kutubia jambo kwa pupa, tukataka kuyamaliza yote kwa siku moja. Wali tukauacha, mkate tukauacha, hata muhogo wa kuchoma hatukuuonja. Tulikula nyama, mayai, samaki na mboga. Vidonge tukaendelea kuvimeza kwa kiasi kile kile, na daktari hatukumwambia neno.

Siku ya nne, baada ya Laasiri, tulikuwa tukisomesha watoto. Ghafla jasho likatutoka, mikono ikatetemeka, herufi za kitabu zikawa zinaogelea. Tukamkaripia mtoto mmoja ambaye hakukosea, na hilo ndilo linalotuuma mpaka leo. Kisha tukaanguka kando ya mkeka. Watoto wakadhani tumepandwa na jini. Mmoja akaanza kutusomea Ayatul Kursi, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Mwenziwe, ambaye nyumbani kwao kuna bibi mwenye maradhi ya sukari, alikimbia dukani akaja na chupa ya soda, na kwa kuwa bado tulikuwa na fahamu ya kumeza akatunywesha. Jirani yetu muuguzi alipofika na mashine yake, tayari tumekwisha kunywa nusu chupa, ilisoma 2.9. Chini ya 4 ni hatari.

Ahali yetu alipopata habari hakulia wala hakugomba. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akatwambia, "Maalim, dawa ile umepewa kwa mtu anayekula wali. Wewe wali umeuacha. Je, dawa umeiambia?"

Maneno hayo yana elimu kuliko mengi tuliyoyasoma baadaye. Glibenklamaidi na wenzake wa aina hiyo hulilazimisha kongosho kutoa insulini, mtu awe amekula au hajala. Sindano ya insulini nayo huishusha sukari bila kuuliza sinia lilikuwa na nini. Mtu akiuondoa wanga ghafla na dawa ikabaki vile vile, sukari hushuka mpaka kumwangusha, na ikiwa yu peke yake au yuko barabarani, huenda asiinuke. Kwa hivyo anayetumia dawa hizo aende kwa daktari kabla ya kugusa chakula chake, sio baada. Mara nyingi daktari atapunguza dawa siku ile ile anayoanza. Metfomini pekee haina tabia hiyo kwa kawaida. Viko pia vidonge vipya zaidi vinavyoitoa sukari kwa njia ya mkojo. Anayevitumia akiukata wanga kabisa, damu yake yaweza kuingia asidi hata kama mashine haionyeshi sukari kubwa sana. Dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma na kuhema kwa nguvu, na mahali pake ni hospitali, si kitandani.

Na kama sukari ya mtu wenu imeshuka na bado ana fahamu, mpeni vijiko 3 au 4 vya sukari ndani ya maji, au nusu gilasi ya soda yenye sukari ya kweli. Subirini dakika 15, mumpime tena, na ikiwa bado iko chini rudieni. Ikishapanda ale kitu. Aliyepoteza fahamu asitiliwe kitu mdomoni hata tone, akimbizwe hospitali. Mama mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye maradhi ya figo, na mtoto anayedungwa insulini tangu utotoni, hawa wasiige habari za mtu yeyote, wala za sheikh, bila ya daktari wao.

Tuliporudi kwa daktari, tukiwa tumeinamisha kichwa, alicheka kidogo, akaiondoa nusu ya glibenklamaidi, na akatwambia tuanze upya polepole. Hapo ndipo tulipoanza kusoma.

Tuligundua kwamba jambo hili si la juzi. Katika mji wa London alikuwako mtu aitwaye William Banting, kazi yake ilikuwa kutayarisha mazishi, na alikuwa mnene hata kufunga viatu vyake kulikuwa taabu. Mwaka 1862, akiwa na miaka 66 hivi, alikwenda kwa daktari wa masikio, William Harvey, kwa sababu alikuwa hasikii vizuri. Daktari akamkataza mkate, sukari, viazi na pombe ya shayiri. Mwaka uliofuata Banting alikuwa amepungua kama ratili 46, yaani kilo 21, na akachapisha kijitabu kwa gharama yake mwenyewe ili wengine wafaidike. Katika yale aliyoruhusiwa kulikuwa na mvinyo, na hapo tukaachana naye kwa salama. Na kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto mwaka 1921, madaktari walikuwa hawana silaha kubwa dhidi ya maradhi ya sukari isipokuwa kumnyima mgonjwa chakula, na wanga kwanza.

Basi je, kupunguza wanga ndiyo njia bora ya kupungua unene kuliko zote? Hapa tunataka kuwa waadilifu, kwa sababu wapo wanaolipigia debe jambo hili kama muuza dawa wa barabarani. Katika chuo kikuu cha Stanford, Marekani, Christopher Gardner na wenziwe waliwachukua watu wazima 609 wakawagawa mafungu mawili. Fungu moja lilipunguza wanga, la pili likapunguza mafuta, na wote wakafundishwa kula mboga kwa wingi na kuacha sukari na vyakula vya viwandani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Baada ya miezi 12, waliopunguza wanga walipungua kilo 6 kwa wastani, na waliopunguza mafuta kilo 5.3. Tofauti hiyo si kitu. Ndani ya kila fungu, hata hivyo, walikuwako waliopungua kilo nyingi sana na waliokuwa wameongezeka. Kwa anayetafuta kupungua tu, basi, njia ni zaidi ya moja, na mshindi ni yule anayeweza kuishi na njia yake. Kwa mwenye maradhi ya sukari mambo yanabadilika kidogo: chama cha Marekani kinachoshughulikia maradhi hayo kilisema mwaka 2019 kwamba kupunguza wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kuishusha sukari ya damu.

Na kilo 3 au 4 zinazotoweka wiki ya kwanza zisimpumbaze mtu. Mwili huweka akiba ya sukari ndani ya ini na misuli, na akiba hiyo huhifadhiwa pamoja na maji mengi. Ukiacha wanga, akiba hutumika na maji hutoka. Ukirudia biryani ya harusi, hurudi usiku mmoja. Mafuta yenyewe hupungua kwa mwendo wa kobe.

Upande wa dini pia tuseme kweli. Tumewasikia watu wakidai kwamba kuacha wanga ni sunna. Mtume wetu (S.A.W.) alikula mkate wa shayiri, alikula tende, na talbina ya shayiri aliisifu. Haifai kumzulia jambo hata kama lina manufaa. Lililothibiti kutoka kwake, kwa mapokezi ya Al-Miqdam bin Ma'dikarib katika Tirmidhi, ni maana hii: kwamba mwanadamu hajapata kujaza chombo kibaya kuliko tumbo lake, na kama hana budi, basi atenge theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Sinia letu la walima halijaisikia hadithi hiyo.

Tukirudi kwa dada yetu na mavyaa wake, jibu tulilompa lilitoka katika kisa kilichomo ndani ya Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) aliingia nyumbani kwa mkewe Bibi Maymuna, pamoja na Khalid bin Al-Walid ambaye Maymuna ni khalati yake. Palikuwa na nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani mfano wa kenge, iliyochomwa, nayo ililetwa na dada yake Maymuna kutoka Najd. Ilikuwa, kwa hivyo, zawadi ya shemeji. Mtume alipoambiwa ni nyama gani, aliurudisha mkono wake. Khalid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila haiko katika nchi ya watu wake na nafsi yake haiipendi. Khalid akaivuta akala, na Mtume akimtazama. Hakuikebehi nyama, hakumzuia Khalid, wala hapakuwa na aliyelazimishwa kuridhisha mtu kwa tumbo lake. Na Abu Hurayra amepokea kwamba Mtume hakuwa akitia ila chakula kabisa: akikitamani hula, na akikichukia hukiacha.

"Basi mwanangu," tukamwambia, "huna dhambi katika kuuacha wali. Dhambi ingekuja kama ungesema wali wa mavyaa ni mbaya." Tukamwambia pia kwamba mavyaa hana kosa kuumia. Bibi aliyekuna nazi tangu alfajiri, akakamua tui zito na tui jepesi, akaupalia wali moto juu na chini, wali huo kwake ndio maneno ya mapenzi. Hakuna aliyemweleza kuhusu 7.8. Na aliyestahili kumweleza ni mwanawe, si mkamwana. Mume anaposema "kula kidogo umridhishe mama" huwa amejiepusha na mazungumzo ya dakika 10 na mamake, na gharama yake anamtwika mkewe juu ya figo zake.

Jambo la pili tulilomshauri tumelijua kwa kuishi. Sahani humfedhehesha mtu, sinia humsitiri. Anayepakuliwa sahani akibakisha, kila mtu ataona. Lakini kwenye sinia moja, mikono minne au mitano inaingia na kutoka, hakuna ajuaye nani amekula matonge mangapi. Unaweza kukaa pamoja na jamaa, ukamega samaki, ukachota mchicha na kachumbari, ukachukua wali matonge mawili matatu madogo, ukanawa pamoja nao, na mwenye nyumba akaridhika. Sisi hatujalikataa sinia la mtu tangu tuanze, na hakuna mwenye shughuli aliyetulaumu.

Yuko mmoja tu aliyelaumu, naye ni sheikh mwenzetu tunayekaa naye mara kwa mara. Alisema, "Tangu uache wali, Sheikh, twala nyama kwa mashindano." Alisema kweli. Adabu ni kula kilicho mbele yako, na mwenye kupunguza wanga asigeuke kuwa mporaji wa vitoweo. Tangu siku hiyo tukienda mahali tunapojuana na wenyewe, twaomba kwa upole sahani ya mboga au kachumbari iwekwe kando, na hiyo haikosekani.

Nyumbani kwetu mambo yalikwenda hivi. Mwanzo ahali yetu alikuwa akipika vyungu viwili, kimoja chetu na kimoja cha watoto. Baada ya wiki tatu tukamwona anachoka, tukaona huu ni udhalimu mpya tuliouleta kwa jina la siha. Sasa kinapikwa chungu kimoja. Wali upo, lakini kibaba cha mchele kimepungua na chungu cha mboga kimekuwa kikubwa. Wali wetu sisi hupimwa kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho mkono. Kikombe kimoja, basi. Siku za kwanza tulikuwa tukikishindilia kwa kidole gumba mpaka mama watoto akatugundua.

Asubuhi tulizoea mahamri na mbaazi za nazi. Mahamri tumeyaacha isipokuwa sikukuu, mbaazi tunazila kiasi, kwani nazo zina wanga, lakini zina nyuzinyuzi na hushiba mtu. Mayai mawili, nyanya na kitunguu, chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi bila sukari. Ile chai ndiyo ilikuwa jihadi yetu kubwa. Tulipunguza nusu kijiko kila wiki, na leo tukipewa chai ya sukari twaona kama sharbati. Mchana samaki na mboga. Usiku mabenda kwa nyama, au mabiringani, au supu ya samaki yenye ndimu na pilipili. Na tui tunalitumia kwa kiasi. Wako waliosikia kuwa mafuta hayapandishi sukari, wakageuza samaki wa kupaka kuwa mchuzi wa kunywa, kisha wakashangaa uzani haushuki na mafuta ya damu yamepanda. Viazi vya karai na bajia za viazi ni viazi, hata vikivaa joho la unga wa dengu.

Twajua kuna anayesoma hapa na kusema, "Sheikh anazungumza habari za samaki, na sisi nguru twamwona kwa macho." Ni kweli, nyumba inayoshibishwa na ugali haiwezi kuambiwa iuache. Hapo twasema nusu: nusu ya ugali uliozoeleka, na nafasi yake ijazwe kwa majani ya kunde, mchicha, mnavu au kisamvu, dagaa wa senti chache, yai likipatikana. Fedha ya soda na sukari, ikihesabiwa kwa mwezi, hununua mayai mengi. Na watoto wanaokua wasitiwe katika hesabu za kikombe cha kahawa. Wao waondolewe soda na peremende, inatosha.

Katika miezi 9 tulitoka kilo 97 hadi 85. Glibenklamaidi iliondolewa yote, metfomini ingaliko. Sukari ya asubuhi huwa 6 na kitu. Hatukupona, na anayesema amepona aendelee kupimwa. Katika harusi ya binti ya dada yetu tulisahau ahadi zetu mbele ya biryani, na asubuhi mashine ikatusomea 9.4 bila ya huruma.

Dada yetu alitupigia simu juzi. Mumewe amezungumza na mamake, kwa kigugumizi, lakini amezungumza. Wanakula sinia moja sasa. Mavyaa bado hajaridhika sawasawa. Amesema maradhi haya zamani hayakuwako. Lakini Ijumaa iliyopita alimwagiza kijana sokoni alete mchicha mafungu mawili badala ya moja, na hakusema ni wa nani.

Waliotuuliza kuhusu futari na daku kwa mwenye kutumia dawa za sukari, masuali yao tumeyapokea, na tutayajibu juma lijalo inshaallah.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.